Ndege wa Muuza Vioo

Kila Jumamosi asubuhi mama yangu alikuwa akikalia kuku.

Ngoja nieleze, maana mtu akisikia hivyo atafikiri mama alikuwa na kichaa. Tulikaa kambini Makindye, Kampala, kwenye zile nyumba za familia za askari tulizoziita laini. Baba alitoka kaskazini, Mwislamu, mama Mkatoliki, na Kiswahili changu hiki ndicho cha hukohuko kambini: nilikijua cha kuamrishwa kabla sijakijua cha kubembelezwa. Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi. Afande alipita nyumba hadi nyumba, fimbo kwapani, anapitisha kidole juu ya dirisha, anageuza sufuria kuona kama zimesuguliwa mpaka kwenye matako. Kufuga kuku ndani kulikatazwa. Sasa mama alikuwa na mtetea wake mzuri wa mayai, na mtetea akilala nje pale laini, kesho yake unamsikia harufu kwa jirani. Kwa hiyo zamu ya mlango wetu ikikaribia, mama alimfunika mtetea kwa beseni la kufulia, akatandika kitambaa juu, akakaa kama vile ni kigoda.

Jumamosi moja afande yuko katikati ya chumba, sisi watoto tumesimama mstari, baba kakakamaa kama mlingoti. Mtetea akataga. Humohumo chini ya mama. Na kuku akitaga unajua mwenyewe, hawezi kukaa na habari. Akaanza kutangaza. Mama naye hakupoteza muda, akapasua wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu mpaka yule mtetea akazimwa. Afande alisimama, akamtazama mama, akatazama beseni. Baba jasho lilimshuka mpaka kola ikalowa.

"Mama," afande akasema, "unaimba vizuri. Lakini wimbo huu una sauti mbili."

Akatoka. Baba alikaa chini sakafuni na buti zake hadi chai.

Hofu ya kukaguliwa ni hofu ya aina yake. Ukipigana na mtu, unapigana. Ukikaguliwa, unasimama tu, mtu mwingine anaamua, na wewe huna la kufanya ila kupumua kidogokidogo. Nilifikiri niliiacha huko kambini. Mimi mwenyewe baadaye niliingia jeshi, nikapelekwa jikoni kwa sababu shule niliiacha mapema na bunduki ilikuwa hainipendi, nikapika posho na maharage mpaka nikastaafu. Ndipo nikaja kuikuta tena hofu ileile nikiwa mzee wa mvi, hapa juu ya kilima, tukimngojea mkaguzi wa ndege.

Kazi hii niliipata kwa kuambiwa tu. Jirani aliniambia kuna mahali, upande wa kuteremkia Kisugu, wanatibu ndege wa porini walioumia, wanatafuta mtu wa kuwapikia. Nikacheka sana. Kuwapikia ndege? Lakini nilikwenda, na kumbe ni kweli. Ninachemsha mayai, ninakata papai vipande vidogo kama vya kumpa mtoto asiye na meno, ninafuga funza kwenye debe la pumba. Nimelisha kikosi kizima, hakuna askari aliyewahi kuniangalia kwa makini kama ndege aitwaye shore anavyoniangalia nikikata papai.

Ndege akipona, anaachiliwa. Huo ndio mpango. Lakini kuna wale ambao hawaponi sawasawa: bawa limeunga vibaya, jicho limekwenda. Huyo ukimwachilia, umempa paka. Hao wachache wanabaki, wanakuwa mabalozi. Mimi nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilitazama getini kama kuna gari la bendera. Daktari wetu, mama mmoja mfupi mwenye mikono ya haraka, akanieleza: ndege balozi kazi yake ni kukaa mbele ya watoto wa shule wamwone, wamsikie akiimba, waache kumrushia mawe. Basi. Tunaye shore mmoja mwenye jicho moja, mchangamfu, watoto wakija anaanza kuimba kabla hawajakaa. Huyo alizaliwa balozi.

Lakini si kila kilema anaweza kazi hiyo, na hapo ndipo pagumu. Ndege mwingine akiona watu anajipigapiga kwenye waya mpaka damu. Mwingine anakataa kula mbele ya mgeni. Ndege wa namna hiyo, porini hawezi, kwa watu hawezi, na kumfungia aishi kwa hofu kila siku daktari anasema ni ukatili. Kwa hiyo anapimwa. Mkaguzi anatoka ofisi ya vibali, anakaa, anaangalia. Ndege akila mbele ya watu wasiomzoea, ametulia kwenye kijiti chake, anapewa kibali. Akishindwa, anapewa nafasi ya pili. Akishindwa tena, daktari anamchoma sindano, analala, haamki. Mpaka apite hapewi hata jina. Nilimwuliza daktari kwa nini, akaniambia, "Mzee, ukishampa jina, mkono unatetemeka."

Sasa, kulikuwa na Mkenya mmoja.

Alikuwa na duka la vioo pale Kisugu, vioo vya madirisha na vile vikubwa vya kujitazamia. Mtu wa makamo, mlokole, mrefu, koti lake la kazi la kijivu halikumtoka mwilini. Vile vioo vikubwa alivisimamisha nje, ukutani, wateja wajione wanapopita. Kuna ndege hapa anaitwa kurumbiza, Waganda wanamwita nyonza, kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho, kifua rangi ya chungwa. Mwimbaji hodari, tena mwigaji, lakini ana wivu na mahali pake, hataki kuona kurumbiza mwingine. Mmoja akajiona kwenye kioo cha Mkenya. Akafikiri ni adui. Akapigana naye asubuhi, mchana, jioni. Mkenya anasema yeye na wateja walikuwa wanacheka, wakamshangilia kama mpira, mpaka siku ndege alipoanguka chini na bawa likabaki limening'inia.

Akamwokota. Akamweka kwenye boksi dukani. Na badala ya kumleta kwetu siku hiyo, akamlea mwenyewe wiki nyingi. Alimlisha kikomando, ile chapati ya kukatwakatwa na maharage! Ndege wa kula wadudu! Ajabu hakufa. Alipomleta, lile bawa lilikuwa limeshaunga, limepinda kama mkono wa birika. Daktari wetu hana maneno laini. Alilikunjua lile bawa, akamtazama Mkenya machoni.

"Ungemleta siku ileile, leo angekuwa anaruka."

Mkenya alivua kofia. Kuanzia hapo akawa anakuja kila jioni baada ya kufunga duka. Anasimama mbele ya kizimba, anapiga mluzi wimbo wake wa kanisani, na yule ndege anamjibu. Na si wimbo tu. Ndege alikuwa ameshika mlio wa kile kidude cha kukatia vioo, ule unaokwaruza meno, kriiii, akautoa vilevile ulivyo. Ukifumba macho unadhani fundi yuko ndani ya kizimba. Kwetu sisi aliimba kidogo sana. Kwake yeye alifungua mdomo na kutikisa mabawa kama kifaranga kwa mama yake.

Mara ya kwanza kupimwa alishindwa. Alijibanza pembeni, hakula hata funza mmoja. Mkenya alipoambiwa, alinifuata jikoni kwangu.

"Mzee wangu, nipeni mimi nikae naye."

"Sheria haikubali, ndugu yangu. Ndege wa porini hakai nyumbani kwa mtu."

"Sasa mtamuua?"

"Kuna mara ya pili."

"Na ikikataa?"

Nilikata papai.

"Mzee, mimi ndiye niliyesimamisha kile kioo," akasema. "Mimi ndiye niliyecheka. Huyu ndege akifa kwa sindano, nitakuwa nimemuua mara mbili."

Basi tukamfundisha. Daktari, mimi, na dada mmoja msafishaji, kila mtu kwa zamu yake, ovaroli zetu za kijani, funza kwenye kibanio, tunanyoosha mkono polepole, tunangoja. Nimewahi kungoja gari la mkaa siku nzima, lakini sijawahi kungoja kama nilivyomngoja yule ndege achukue funza. Mwishowe akachukua. Kwangu kwanza, halafu kwa daktari, halafu kwa dada. Tukaita watu wa jirani, nao tukawavalisha ovaroli zetu, akachukua. Tukajiona tumeshinda.

Sasa sikia kosa letu. Sisi watu wa Kampala hatuwezi kufanya shughuli bila fulana. Harusi fulana, msiba fulana, hata ibada ya shukrani utakuta fulana zimechapwa. Ofisi yetu ikasema mkaguzi anakuja, watoto wa shule ya kambini Makindye wanakuja, lazima tuonekane. Mabishano yakawa kwenye rangi. Manjano ni rangi ya chama, siasa. Nyekundu, siasa, tena ya kukimbizwa na polisi. Buluu nayo ina wenyewe. Kijani ina wenyewe. Wakazunguka mpaka wakaangukia zambarau, na picha ya ndege kifuani kubwa kama sinia. Tukagawiwa asubuhi ileile. Nilifurahi kama mtoto. Daktari naye akavaa. Ovaroli zikafuliwa, zikaanikwa nyuma. Hakuna aliyefikiri chochote, hata mmoja.

Mkaguzi alifika, bwana mpole wa miwani, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Watoto wakakaa kwenye mikeka, wameambiwa wasikohoe. Mkenya alisimama nyuma, karibu na tangi la maji, koti lake la kijivu, kofia mkononi. Pembeni juu ya meza ndogo kulikuwa na trei imefunikwa kitambaa cheupe. Watoto hawakujua kilichomo. Mkenya alijua. Nilimwona akiitazama trei ile kuliko alivyomtazama ndege.

Daktari akaondoa pazia la kizimba.

Ndege alituona. Fulana za zambarau mbele, zambarau kulia, zambarau kushoto. Alijirusha kwenye waya, paa, akaanguka, akajirusha tena. Manyoya yakapeperuka. Mtoto mmoja akasema, "Banange, anajiua!" mwalimu akamfumba mdomo kwa kiganja. Mkaguzi akaandika kitu. Mimi nimeshika bakuli la funza, sijui niliweke wapi.

"Ni hizi nguo," daktari akasema, kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Mungu wangu, ni hizi nguo. Mzee, ovaroli."

Nilikwenda nyuma. Kukimbia siwezi, goti langu moja lilibaki jeshini, lakini siku hiyo nilikwenda. Zilikuwa bado zinachuruzika maji. Tukazivaa hivyohivyo juu ya fulana, mimi na daktari na yule dada, maji yanatuingia viatuni, watoto wanacheka kwa kubana pua. Mkaguzi akatazama saa yake, akatuachia. Muungwana yule.

Ndege akatulia. Akakaa chini, kifua kinapanda na kushuka, mdomo wazi. Halafu akatazama huku na huku, na katika kutazama huko akamwona wa koti la kijivu pale kwenye tangi.

Hapo kila kitu kikageuka. Akarukaruka mpaka upande ule, akapanda waya kwa kucha, akaning'inia, akafungua mdomo, akatikisa lile bawa lake bovu. Kriiii! Watoto wakaangua kicheko, ukimya wote ukavunjika. Kriiii!

"Anamwita nani?" mkaguzi akauliza.

Daktari alikuwa ameshaingiza kibanio, funza anajinyonganyonga pale karibu kabisa na ndege. Ndege hata hakumtazama. Mimi nikajaribu. Yule dada akajaribu. Sote alitugeuzia mgongo.

"Niruhusuni mimi," Mkenya akasema kutoka kule nyuma. "Nikimpa mimi atakula. Mtaona wenyewe."

"Najua atakula kwako," mkaguzi akajibu. "Ndiyo shida yenyewe, bwana. Watoto wakija Jumanne, utakuwapo? Ukiugua? Ukirudi kwenu Kenya? Huyu si balozi. Huyu ni mtoto wa mtu."

"Sogea asikuone," daktari akamwambia.

Akajificha nyuma ya tangi. Tukangoja. Ndege akabaki ananing'inia, jicho kwenye tangi, anaita. Mkenya akakohoa, kikohozi kidogo tu cha mtu anayezuia kitu kingine, na ndege akapiga waya kwa bawa zima. Mkaguzi akafunika kalamu. Nilijua maana ya kufunika kalamu, nimekaguliwa maisha yangu yote.

"Dakika chache, ssebo, bwana wangu," daktari akamwomba. "Nakuomba."

Akanishika kiwiko, tukaenda nyuma ya tangi. Mkenya alikuwa ameegemea, uso ukutani, anasali kwa midomo bila sauti.

"Ndugu," daktari akamwambia, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa laini. "Anakusikia. Hata ukipumua anakusikia. Toka nje ya geti."

"Nikitoka atakula?"

"Sijui. Ukikaa, hatakula. Hilo najua."

Mkenya akanigeukia mimi. "Mzee wangu?"

"Mimi ni mpishi," nikamwambia. "Lakini chakula kipo. Ni wewe unayemshibisha bila kumlisha."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechomwa mwiba. Akavaa kofia. Halafu akamuuliza daktari lile jambo ambalo mimi nilikuwa naogopa aulize.

"Na kesho jioni nikija, kama kawaida?"

Daktari alitazama viatu vyake vilivyolowa. "Ukija kesho, kesho kutwa atakungoja. Ndege anayemngoja mtu, siku yoyote anaweza kushindwa mbele ya watu. Na kibali kinaweza kunyang'anywa."

"Na baada ya mwezi?"

"Wanakumbuka, ndugu yangu. Hawa wanakumbuka sana."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayeambiwa bei ambayo alishaikisia. Hakubishana. Nilitamani abishane. Nilitamani hata atutukane, maana mtu akitukana unajua atarudi kuomba radhi. Alipita nyuma ya jiko langu, njia ambayo ndege hawezi kuiona, akafungua kile kigeti kidogo kwa mikono miwili ili kisilie, akatoka.

Mimi nikasimama pale pembeni ya jiko, mahali ninapoona pande zote mbili, kizimba huku na barabara kule. Daktari akarudi kwa ndege. Ndege aliita. Akangoja. Akaita tena, kwa sauti ndogo. Watoto hawakucheka safari hii, sijui waliambizana nini. Mkaguzi alikuwa hajasimama, lakini miguu yake ilikuwa imeshajipanga kusimama. Daktari alinyoosha kibanio, mkono wake haukutikisika hata kidogo, maji ya ovaroli yakidondoka kwenye majani, to, to, to. Mimi nilikuwa sipumui. Kule barabarani koti la kijivu lilikuwa linateremka.

Ndege akaachia waya. Akaanguka zaidi kuliko alivyoruka, akasimama chini, akajikung'uta. Akapanda kijiti cha chini. Akapanda cha pili. Akamtazama daktari kwa jicho moja, akamtazama kwa jingine. Halafu akanyoosha shingo, akachukua funza, akamgonga kijitini, akammeza. Mbele ya watoto wote, mbele ya mkaguzi, amekaa kwenye kijiti kama mwenye nyumba. Daktari akatoa mwingine. Akala. Kibanio akapewa mtoto wa mstari wa mbele, msichana wa sare ya kambini, mikono inamtetemeka mpaka funza anacheza dansi. Akala.

Mkaguzi akafunua kalamu.

Nilitupa bakuli, nikaenda getini na goti langu hilo. Alikuwa amefika kwenye kona wanapokaa watu wa boda.

"Mkenya!" nikaita. "Amekula! Wee, amekula!"

Alisikia. Nasema alisikia kwa sababu alisimama. Mabega yalipanda, yakashuka. Nilingoja ageuke. Mtu wa boda mmoja akawasha pikipiki, akamwambia, "Twende, boss, wapi?" Akamkatalia kwa mkono. Akavuka barabara, akateremka kwa miguu kuelekea Kisugu, hakugeuka, na hapa kwetu hajakanyaga tena.